Manowari zetu tuzipange wapi? Uzi wa kuulinda Mfumo wa Jua dhidi ya wavamizi kutoka nyota nyingine

#1 Nahodha_Zohali (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mwaka wa pili huu naandika riwaya ya kisayansi kwa Kiswahili. Kisa chake ni vita: wageni wanatoka nyota ya jirani, wanakuja kuuteka Mfumo wetu wa Jua. Sura ya tisa imenikwamisha miezi minne kwa sababu ndiyo sura ya ulinzi. Hadithi nyingi za aina hii zina picha ileile: manowari za anga zimejipanga mstari mpakani, adui anatokea mbele yao, moto unarushwa, anayebaki ndiye mshindi. Picha hiyo ni ya nchi kavu. Nimekaa na kalamu na kikokotoo, nikaona haisimami hata kidogo, kwa hiyo naleta hesabu zangu hapa jamvini mzichambue bila huruma.

Tuanze na ukubwa. Kutoka Dunia hadi Jua ni km milioni 150, na nuru inatumia dakika 8 na sekunde 20. Kutoka Jua hadi Neptuni ni karibu km bilioni 4.5, nuru inatumia saa 4 na ushei. Sasa fikirieni tufe kubwa lenye Jua katikati, na Neptuni iko kwenye ganda lake. Huo ndio "mpaka". Chukueni manowari 10,000, idadi ambayo hakuna serikali itaiweza, muzitawanye sawasawa juu ya ganda lote. Kila moja italinda mraba ambao upande wake mmoja ni km milioni 160. Yaani jirani yako yuko mbali kuliko Dunia ilivyo mbali na Jua. Ukimwita kwa redio, mpaka akusikie adui ameshapita zamani.

Kwa hiyo ukuta hakuna. Swali langu likawa: ni wapi adui hana budi kufanya jambo asilopenda?

Nikaona ni kwenye breki. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.24. Tuseme wageni wanakuja kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru, km 30,000 kwa sekunde. Hiyo ni safari ya miaka 42 na zaidi. Wakitaka kututeka, lazima wasimame. Na angani hakuna hewa wala maji ya kukukwamisha. Kusimama ni kugeuza chombo, injini ielekee mbele, uwashe moto. Wakipunguza mwendo kwa nguvu sawa na mvutano tunaousikia hapa ardhini, breki itawachukua siku 35, na watatakiwa kuianza wakiwa mbali na Jua mara 10 ya Neptuni. Wakitaka polepole zaidi, kwa sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo, ni karibu mwaka mzima.

Na moto huo si wa kufichika. Nimepiga hesabu ya chombo cha tani 1,000 tu, ambacho kwa jeshi la uvamizi ni mtumbwi. Kama injini yake inatoa gesi kwa km 10,000 kwa sekunde, nguvu inayotoka ni takriban wati trilioni 50. Binadamu wote leo, kwa viwanda vyetu, magari yetu na taa zetu zote, hatufikii wati trilioni 25. Na moto wote huo unaelekezwa kwetu. Hata kama sehemu moja ya kumi tu ingegeuka kuwa nuru ya kawaida, darubini zinazosaka asteroidi leo zingeweza kuuona tangu siku ya kwanza ya breki. Gesi yenye joto la namna hiyo itatoa pia mionzi ya eksirei, na kuipekua anga yote kwa eksirei tunajua tangu Desemba 12, 1970, siku ambayo satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.

Pendekezo langu basi: tusimsubiri adui kwenye sayari. Tumpige akiwa kwenye breki. Amegeuza mgongo, njia yake inajulikana, hawezi kukata kona bila kupoteza muda wa breki. Na silaha yenyewe ni rahisi: mchanga. Chembe ya gramu moja ikigongana na chombo chenye kasi ya km 30,000 kwa sekunde inatoa nishati sawa na tani zaidi ya 100 za baruti ya TNT. Tunamwagia mchanga njiani, kasi yake mwenyewe inammaliza.

Karibuni.

#2 Jiwe_la_Kusini

Mkuu, kwa nini manowari zisijifiche kwenye ule ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii? Pale mawe yamejaa, adui hatajua lipi ni jiwe na ipi ni meli.

#3 Nahodha_Zohali

Jiwe, mawe hayajajaa. Kati ya jiwe na jiwe kwa wastani ni kama km milioni moja. Chombo cha Pioneer 10 kilikuwa cha kwanza kuuvuka ukanda huo, 1972 hadi 1973, na tangu hapo vyombo vingi vimepita bila kukwaruzwa. Mtu akisimama juu ya asteroidi moja ni vigumu kuiona nyingine kwa macho.

#4 Fundi_Redio

Naongezea hapo, maana suala la kujificha watu wengi hulikosea.

Angani kila kitu kinachofanya kazi kinatoa joto, na joto halina pa kwenda ila kutoka kama mionzi. Nyuma yako kuna anga yenye baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri. Chombo chenye watu ndani, hata kikizima injini, kina nyuzi 20 hivi kwenye vyumba vyake. Kwenye darubini ya mionzi ya joto kinang'aa kama kaa la moto gizani. Ukilizuia joto lisitoke, linawapika mliomo ndani. Kituo cha Anga cha Kimataifa kina mapezi makubwa yanayozungushiwa amonia kwa kazi hiyo moja tu, kutupa joto nje.

Kinachoweza kujificha angani ni kitu kilichokufa. Kipande cha chuma kisicho na umeme, kilichopoa sawasawa na anga. Hicho hakionekani.

Ila mleta mada, usijiamini sana na darubini zetu. Kuna upande mmoja ambao sisi ni vipofu: upande wa Jua. Februari 15, 2013 kimondo cha mita 20 hivi kililipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, watu karibu 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo vya madirisha. Hakuna aliyekiona kikija kwa sababu kilitokea upande wa Jua. Tazama pia 'Oumuamua, gimba la angani, mgeni wa kwanza kutoka nyota nyingine tuliyemtambua. Alipita karibu na Jua Septemba 9, 2017, akapita karibu na Dunia Oktoba 14 kwa umbali wa km milioni 24, na darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii ikamwona Oktoba 19. Tulimwona akiwa anaondoka! Adui mwenye akili atafunga breki Jua likiwa kati yake na sisi.

#5 Nahodha_Zohali

Fundi, ahsante sana. La upande wa Jua nimelichukua. Dawa yake ni kutoweka macho yote Duniani. Darubini mbili au tatu kwenye obiti ya Zuhura, nyingine kwenye miezi ya Mshtarii, nyingine Neptuni. Jua haliwezi kumziba adui kwa wote kwa wakati mmoja. Na hizo hazihitaji bunduki, zinahitaji kutazama tu.

#6 HesabuKwanza

Nimeusoma uzi mara mbili, mkuu, umeandika vizuri. Lakini mpango wako wa mchanga una matundu mawili.

La kwanza: moto wa breki unamtangulia adui. Mchanga wako utakutana na moto huo kabla ya kukutana na chombo. Utageuka mvuke na kusukumwa pembeni. Breki yake ndiyo ngao yake. Na usiniambie utaurusha kutoka ubavuni. Kwa kasi ya km 30,000 kwa sekunde, hata ukirusha kutoka pembeni kwa km 30 kwa sekunde, kwake yeye utaonekana unatokea mbele kabisa.

La pili ndilo kubwa. Unasema hawezi kukata kona. Anaweza kidogo, na kidogo kinamtosha. Akisogea ubavuni kwa mia moja ya nguvu ya mvutano wetu, kwa siku moja tu anakuwa amehama km 366,000, karibu kama kwenda Mwezini. Kwa hiyo siku moja kabla, unachojua ni kwamba atapita mahali fulani ndani ya duara lenye nusu-kipenyo cha km 366,000. Chombo chake tuseme kina uso wa mita 100 kwa 100. Ili uwe na hakika ya kumgonga mara moja, unahitaji kutawanya vipande trilioni 42. Viwe vya gramu moja moja, ni tani milioni 42. Na hapo umeziba njia ya chombo kimoja, kwa siku moja.

#7 Nahodha_Zohali

Hesabu, umenibana, na nashukuru. Nimerudi kwenye daftari usiku huu.

La kwanza naweza kulijibu. Mchanga unakufa, lakini tufe la chuma la kilo moja halifi. Kwa kasi ile, km 1,000 za mwisho linazipita kwa sekunde moja kugawanya kwa 30. Moto wenyewe ni mkali, ila muda wa kuliyeyusha haupo. Na kilo moja kwa kasi hiyo ni zaidi ya kilotoni 100, kama mabomu saba ya Hiroshima.

La pili sina jibu. Vipande visivyo na akili haviwezi kuziba anga. Ukiviwekea injini na macho ili vimfuate, ndiyo hivyo Fundi alivyosema, vikiamka vinaonekana, na adui ana leza na muda. Labda vitamlazimisha akwepe, na kila akikwepa anaunguza mafuta. Hilo lina thamani. Lakini haliwezi kuwa mpango mzima, na mimi nilikuwa nimeujenga ulinzi wote hapo.

#8 MwanaKisauni

Jamani mimi si mtu wa fizikia, ni mtu wa historia, na nyumbani ni Mombasa. Niwaulize kitu. Mnapigana na meli ikiwa baharini kuu, kwa nini?

Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Miezi 33. Ureno ilikuwa na meli, ilikuwa na Goa kule ng'ambo, India, yenye askari na mizinga. Tatizo lilikuwa pepo. Msaada kutoka Goa ulikuja na kaskazi au haukuja. Barua ya kuomba baruti ilisubiri msimu, na jibu lake likasubiri msimu mwingine. Meli za msaada za mwisho zilifika siku chache baada ya ngome kutekwa, zikakuta bendera nyekundu ya Oman inapepea juu yake, zikageuza.

Ninachotaka kusema ni hiki: hakuna aliyewatafuta Waomani katikati ya Bahari ya Hindi. Bahari ni kubwa. Lakini kila jahazi, liwe la nani, baada ya safari ndefu lina mahali pa kufika na lina shida ya maji. Huyo mgeni wenu akishafunga breki, amebakiwa na nini kwenye tangi?

#9 Nahodha_Zohali

MwanaKisauni, nimesimama kwenye kiti.

Hajabakiwa na kitu! Ile kanuni ya roketi ya Tsiolkovsky ya 1903 ndiyo inavyosema: kila kilo ya mafuta unayotaka kubaki nayo mwishoni, umeibeba miaka 42, umeiharakisha na kuifungia breki, kwa hiyo imekugharimu kilo nyingi za mafuta mengine. Hakuna mhandisi atakayeleta tangi lililojaa hadi huku. Anafika mkavu. Kabla ya kugusa Dunia, kabla hata ya kuhama kutoka sayari moja hadi nyingine na jeshi lake, lazima achote mafuta mengine.

Basi tuulize visima viko wapi. Injini za muungano wa atomi, ambazo ndizo za kuaminika kwa safari hii, zinakula deuteri (hidrojeni nzito) na heli-3 (aina nyepesi ya heli). Heli-3 kwa wingi iko kwenye hewa ya sayari kubwa nne. Mshtarii ni kisima kibaya: ukishazama humo, kutoka kunadai kasi ya km 59.5 kwa sekunde, na mionzi inayoizunguka inaua vifaa. Chombo cha Juno, kilichofika Julai 2016, elektroniki zake zimefungiwa ndani ya sanduku la titani kwa sababu hiyo. Zohali inadai km 35. Uranusi inadai km 21 tu, kidogo kuliko zote nne. Mimi ningekuwa mvamizi, ningekwenda Uranusi.

Sayari ambayo hakuna anayeijali! Imetembelewa mara moja tu tangu dunia iumbwe, na chombo cha Voyager 2, Januari 1986.

#10 HesabuKwanza

Hapo sasa. Lakini mkuu, barafu iko kila mahali nje kule. Nyotamkia ni nyingi mno. Deuteri inapatikana kwenye maji. Kwa nini aje Uranusi akutane na mizinga yako, wakati anaweza kuparamia nyotamkia moja gizani akachota taratibu?

#11 Fundi_Redio

Taratibu ndilo neno. Chombo cha Rosetta kilipima mvuke wa nyotamkia 67P mwaka 2014 kikakuta deuteri ni kama mara tatu ya bahari zetu. Hata hapo, kupata tani moja ya deuteri unayeyusha na kuchuja zaidi ya tani 8,000 za barafu. Kuyeyusha ni joto, na joto ni lile kaa gizani. Mtu huyo atakaa pale miezi, hatembei, anang'aa, mahali pamoja. Nahodha alikuwa anatafuta vipande vyake vya chuma avirushe wapi. Si hapo?

#12 Nahodha_Zohali

Ndiyo hapo. Chombo kilichotulia hakina duara la km 366,000. Kina anwani.

Na tazameni namna mizani inavyogeuka. Vita vya leza na injini, mwisho wake ni vita vya joto: nani anaweza kuendelea kufyatua bila kujipika. Mvamizi ana mapezi yake tu, na mapezi ni makubwa, mepesi, hayana silaha ya kuyakinga. Mlinzi aliyechimba handaki ndani ya Oberon au Titania, miezi mikubwa ya Uranusi, ana barafu ya kilomita mamia chini yake. Joto lote la mizinga yake analimwaga kwenye barafu. Anaweza kufyatua siku nzima mvamizi akiwa amelazimika kunyamaza. Kabla ya leo sikuwahi kuona faida ya kuwa mwenyeji kwa uwazi namna hii.

#13 Bi_Mkasi

Nimewafuata kimya kutoka mwanzo. Naomba niulize lile ambalo wote mnalikwepa. Je, asipotaka kufunga breki? Hataki kututeka, anataka tusiwepo. Sayari haiwezi kukwepa. Obiti ya Dunia inajulikana kwa karne nyingi mbele.

#14 Nahodha_Zohali

Dada Bi Mkasi, sikulikwepa, nililiogopa. Tani moja kwa kasi ile ni megatoni zaidi ya 100, mara mbili ya bomu kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la 1961. Na haina breki, kwa hiyo haina moto wa kuonwa. Mwaka 2022 chombo cha DART kiliigonga asteroidi ya Dimorphos kikafupisha mzunguko wake kwa dakika 33 hivi, lakini hilo lilikuwa jiwe lililojulikana miaka mingi, linalotembea polepole. Kwa kitu chenye sehemu ya kumi ya kasi ya nuru, kinga ya sayari moja sijaiona. Ninachokiona ni watu kuwa mahali pengi: Mirihi, miezi ya Zohali, makazi yanayozunguka Jua kwa njia zisizotangazwa. Kumuua mtu mmoja kati ya maelfu waliotawanyika hakuumalizi ukoo. Lakini mama mwenye nyumba yake Tanga au Kisumu hilo halimfariji, najua, na kwenye riwaya nitamwacha aliseme hivyohivyo.

#15 MwanaKisauni

Na amri? Maana yule kamanda wa Ngome alikufa akisubiri Goa.

#16 Nahodha_Zohali

Hili ndilo limeimaliza sura ya tisa, kaka, na limetoka kwako. Kutoka Uranusi hadi Dunia nuru inatumia saa 2 na dakika 40. Swali na jibu ni saa 5 na dakika 20, kabla hujahesabu muda wa wakubwa kukaa kikao. Hakuna vita vya visima vinavyoweza kusubiri hivyo. Kwa hiyo kamanda wa Oberon lazima apewe mapema mamlaka yote: kufyatua, kujadiliana, hata kumwacha mgeni achote na aondoke kama ameomba kwa amani. Hilo la mwisho ndilo zito, kwa sababu anaweza kukosea, na Dunia nzima italibeba kosa la mtu mmoja.

Nimeifuta sura yote. Hakuna tena mstari wa manowari. Kuna mwanamke mmoja ndani ya handaki la barafu, miaka sita hajaonja samaki wa kweli, anatazama doa la joto lililotulia juu ya mawingu ya kijani ya Uranusi siku ya kumi na moja sasa. Wamemtumia ujumbe ambao bado haujafasirika. Ameshautuma Dunia. Yeye anatakiwa kuamua ndani ya saa tatu.

Kesho nitaiweka sehemu ya kwanza hapa. Hesabu, usiniache, nataka uipitie mizunguko ya obiti ya Oberon kabla sijaichapa.